Kinga ya Uzeeni na Mwili Unaotembea: Mjadala wa Sauti Tatu

Kinga ya mwili huzeeka. Jambo hilo halina ubishi miongoni mwa wanaosoma miili ya wazee, kwa kuwa dalili zake huonekana wodini na maabara pia: nimonia inayomlaza kijana siku chache humlaza mzee wa miaka 75 wiki kadhaa au kumwondoa kabisa, virusi vya tetekuwanga vilivyojificha katika mishipa ya fahamu tangu utotoni huamka na kuleta mkanda wa jeshi, na chanjo inayompa mjukuu kingamwili tele, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumtambua na kumnasa adui mahususi, humpa babu kiasi kidogo kisichodumu. Kinachobishaniwa ni iwapo mwili unaofanyishwa kazi mara kwa mara huichelewesha hali hiyo, na kama huichelewesha, ni kwa kiasi gani na kwa nani. Wataalamu wamegawanyika juu ya mazoezi na kinga kwa zaidi ya miaka 40, na katika kurasa hizi mgawanyiko huo umepewa sauti tatu: Daktari, ambaye ni tabibu wa wazee na anayaamini mazoezi, Mtakwimu, ambaye kazi yake ni kupima uzito wa ushahidi na si mwepesi wa kuamini, na Bi Muuguzi, ambaye amezoea kliniki za wilayani kuliko kumbi za mikutano. Sauti hizo zimebuniwa, lakini tafiti zinazotajwa nazo ni za kweli.

Daktari: Pa kuanzia ni kifuani. Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, ipo tezi iitwayo thaimasi, ambamo seli T, zile seli nyeupe za damu zinazotambua na kuua seli zilizoambukizwa, hukomaa kabla ya kuingia katika mzunguko wa damu. Tezi hiyo huanza kusinyaa mapema maishani, na ifikapo uzeeni sehemu yake kubwa huwa imegeuka mafuta. Kwa sababu hiyo seli T changa, ambazo hazijawahi kukutana na adui yeyote na hivyo ziko tayari kujifunza maradhi mapya, hupungua, huku zile zilizokwisha kujifunza zikijazana na nyingine zikichoka. Jambo la pili ni mchochota, yaani ule mwitikio wa mwili unaoleta joto, wekundu na uvimbe mahali palipoumia: kwa kijana huwaka ukazimika, lakini kwa wazee wengi hubaki ukifuka chini kwa chini pasipo kidonda chochote, na mwanasayansi wa Italia, Claudio Franceschi, pamoja na wenzake, ndio walioipa hali hiyo jina la kitaalamu mwaka 2000. Sasa, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham na wa King's College London walichapisha vipimo vya damu vya waendesha baiskeli 125 wenye umri wa miaka 55 hadi 79, wanaume wenye uwezo wa kwenda kilomita 100 kwa muda usiozidi saa 6 na nusu na wanawake wenye uwezo wa kwenda kilomita 60 kwa saa 5 na nusu. Walipolinganishwa na watu 75 wa rika lao wasiofanya mazoezi, waendesha baiskeli walikuwa na seli T nyingi zaidi zilizotoka karibuni katika thaimasi; interleukini-7, ambayo huitunza tezi hiyo, ilikuwa juu; na interleukini-6, ambayo ni mojawapo ya saitokini, yaani protini ambazo seli hupashana habari kwazo, ilikuwa chini. Kama thaimasi husinyaa kwa amri ya miaka peke yake, tofauti hiyo imetoka wapi?

Mtakwimu: Imetoka, pengine, katika namna watu hao walivyochaguliwa. Mtu wa miaka 79 anayemaliza kilomita 100 juu ya baiskeli ni mtu ambaye hakupata kiharusi akiwa na miaka 60, hakuharibikiwa magoti akiwa na miaka 65, havuti sigara na hana shinikizo la damu, kwa maana wavutaji na wenye shinikizo hawakuandikishwa katika kundi hilo. Wale ambao kinga yao iliwaangusha njiani hawakufika kupimwa. Utafiti uliowapima watu mara moja tu hauwezi kusema kama baiskeli ndiyo iliyoilinda thaimasi au kama mwili uliojaliwa afya ndio uliomwezesha mtu kuendelea na baiskeli. Tena Daktari amepita kimyakimya kwenye tokeo moja la utafiti huohuo: seli T zilizozeeka, zile zilizopoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kugawanyika na ambazo hujilimbikiza kadiri umri unavyosonga, hazikupishana kati ya waendesha baiskeli na wenzao waliokaa. Kama uzee wa kinga ulizuiwa, basi ulizuiwa upande mmoja na kuachwa upande mwingine.

Pingamizi hilo la Mtakwimu ni zito, na mwandishi anayeuandikia umma kuhusu waendesha baiskeli wa Uingereza bila kulitaja huwa anauza matumaini. Hata hivyo pingamizi hilo linahusu aina moja tu ya ushahidi, na Daktari anayo aina nyingine, ile ambayo watu hupangwa kwa bahati nasibu katika makundi kabla ya lolote kufanyika, ili afya waliyokuwa nayo tangu mwanzo isiegemee upande wowote.

Daktari: Katika Chuo Kikuu cha Illinois, watu 144 waliopita umri wa miaka 60, ambao hawakuwa na desturi ya kufanya mazoezi, waligawanywa kwa nasibu: wengine walifanya kwa miezi 10 mazoezi ya kuutia moyo na mapafu kazi, na wengine walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo na kushika mizani ya mwili. Wote walipewa chanjo ya mafua makali. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba kilele cha kingamwili baada ya chanjo hakikutofautiana, lakini wiki 24 baadaye waliobaki na kiwango cha kinga kinachotosha walikuwa wengi zaidi katika kundi la kwanza. Hapo hakuna aliyejichagulia, na kipindi cha mafua huchukua miezi, kwa hiyo kudumu kwa kinga si jambo dogo. Njia ambayo mazoezi huifikia kinga imeanza kufahamika, hasa kwa kazi ya Bente Klarlund Pedersen wa Copenhagen, aliyeonyesha kwamba msuli unaojikunja humwaga protini zake wenyewe katika damu. Mojawapo ni hiyohiyo interleukini-6, inayoweza kupanda hadi mara 100 wakati wa zoezi refu na kushuka muda mfupi baada ya kupumzika. Ikitoka kwenye msuli kwa vipindi, huamsha protini zinazotuliza mchochota. Ikitoka kila siku kwenye mafuta ya tumboni, huwa ni sehemu ya mchochota wenyewe. Jaribio moja la kundi lake, la mwaka 2003, liliwapa wanaume wachache wenye afya sumu ya bakteria kwa kiasi kidogo: waliokaa walipandisha saitokini ya mchochota iitwayo TNF-alfa, lakini walipokuwa wameendesha baiskeli kwa saa 2 na nusu kabla ya kupewa sumu hiyo, mwitikio huo ulififia.

Mtakwimu: Wanaume hao walikuwa vijana, na mwitikio uliofifia huweza kuelezwa na mtu mwingine kuwa ni udhaifu. Je, ikiwa sumu hiyo ingekuwa bakteria hai? Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 1982 mjini Cape Town, baada ya mbio za Two Oceans za kilomita 56, asilimia 33 ya wakimbiaji waliochunguzwa walisema walipata dalili za mafua ndani ya wiki mbili, ilhali miongoni mwa watu walioishi nao nyumba moja bila kukimbia walikuwa asilimia 15. Huko Los Angeles mwaka 1987, mtafiti David Nieman alikuta asilimia 12.9 ya waliokimbia marathoni waliugua katika wiki iliyofuata, dhidi ya asilimia 2.2 ya wakimbiaji waliojiandaa lakini hawakushiriki. Kutokana na hayo ulichorwa mstari unaofanana na herufi J: kiasi cha wastani hupunguza hatari, na kupindukia huipandisha.

Daktari: Namba hizo ni za dalili zilizosimuliwa na wakimbiaji wenyewe, pasipo maabara kuthibitisha maambukizi, na koo linalowasha baada ya kuvuta hewa kavu kwa saa tatu halina budi kutajwa. Ni kweli kwamba saa moja au mbili baada ya zoezi kali seli nyeupe hupungua katika damu, lakini zilipotiwa alama katika panya mwaka 2008 zilionekana zimehamia kwenye mapafu, uboho wa mifupa na kuta za utumbo, mahali ambapo vijidudu huingilia. Hazikufa. Mwaka 2018 John Campbell na James Turner wa Chuo Kikuu cha Bath walizipitia hoja hizo moja baada ya nyingine wakahitimisha kwamba msongamano wa watu, safari na kukosa usingizi vinatosha kueleza mafua ya marathoni.

Ubishi wa marathoni umekula muda mwingi wa uwanja huu kuliko unavyostahili. Kwa mzee ambaye swali lake ni kama afike sokoni kwa miguu au apande bodaboda, mkia wa kulia wa herufi J haumhusu, na yatosha kusema kwamba hauna uthibitisho imara. Swali linalomhusu ni kama ataugua kidogo zaidi, na katika hilo Mtakwimu ana hoja yake bora.

Mtakwimu: Vipimo vya damu ni ahadi; ugonjwa ndio deni lenyewe. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio 14 yenye watu 1,377, hayakuona kwamba mazoezi hupunguza idadi ya vipindi vya maambukizi ya njia ya hewa. Yaliona dalili kwamba ukali wa ugonjwa na siku za kuumwa hupungua, tena kwa ushahidi ambao waandishi wenyewe waliuita dhaifu. Huko Wisconsin, jaribio la mwaka 2012 kwa watu 154 wenye umri wa miaka 50 na zaidi lilitangaza tofauti kubwa: kundi lisilofanya lolote liliumwa jumla ya siku 453, na kundi la mazoezi siku 241. Watafiti walewale walirudia kwa watu 413, na matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yakawa na tofauti ndogo zaidi kwa upande wa mazoezi. Ndivyo ilivyo kawaida ya majaribio madogo yanayosisimua.

Daktari: Kwa kijana, kuugua kwa uhafifu ni nafuu ya siku mbili. Kwa mzee, uhafifu na ukali wa ugonjwa ndizo pande mbili za mlango wa hospitali. Nchini Afrika Kusini, wahudumu wa afya waliopata chanjo ya UVIKO-19 ya Johnson & Johnson na ambao mienendo yao ilirekodiwa na vifaa vya kuvaa walichunguzwa katika utafiti wa mwaka 2022: chanjo ilizuia kulazwa kwa asilimia 60 kwa waliokuwa na mazoezi haba, asilimia 72.1 kwa wa wastani, na asilimia 85.8 kwa waliofikisha dakika 150 au zaidi kwa wiki.

Mtakwimu: Nao hawakupangwa kwa nasibu, na wengi wao hawakuwa wazee.

Katika hatua hii mjadala wa kawaida hubaki ukizunguka, kila upande ukiwa na utafiti wake mkononi. Sauti ya tatu inauhamisha, kwa kuuliza ni wazee wa wapi waliopimwa.

Bi Muuguzi: Daktari na Bwana Mtakwimu wamezungumza juu ya wastaafu wa Illinois na Wisconsin, ambao gari huwasubiri mlangoni na ambao mwendo wa dakika 30 ni dawa ya kuandikiwa. Bibi wa Rombo, Kilimanjaro, anayeshuka mteremko kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani hajawahi kuwa katika kundi lisilofanya lolote. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 uliwalinganisha watu wa Italia na Singapore na Watsimane wa misitu ya Bolivia na Orang Asli wa Malaysia. Kule Italia na Singapore, mchochota ulipanda pamoja na umri na kufuatana na maradhi sugu. Kwa Watsimane na Orang Asli ulikuwa mwingi kwa sababu ya minyoo na maambukizi, lakini haukufuata umri kwa namna ileile wala haukuandamana na maradhi hayo. Kwa hiyo hali ambayo Daktari ameieleza kana kwamba ni ya kila mzee huenda ni ya wazee wa maisha fulani. Je, mazoezi yanatibu uzee, au yanatibu kiti?

Mtakwimu: Swali hilo ni zuri, ila Watsimane hawatofautiani na Waitalia kwa kutembea tu. Wanakula vingine na kuugua vingine. Karibu na nyumbani, watafiti wa Moshi na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, waliwapima Watanzania 323 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro, na mwaka 2021 wakaripoti kwamba damu ya watu wa mjini iliitika kwa mchochota mkali kuliko ya watu wa vijijini. Wengi wangekimbilia kusema ni shamba na miguu, lakini walichokiona ni chakula. Mwaka 2025 wakathibitisha kwa jaribio la wanaume 77: baadhi walihamishwa kwa wiki mbili kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu, wengine wakahamishwa kinyume, na wengine wakanywa mbege, ile pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu walipanda viashiria vya mchochota, na waliorudi kwenye chakula cha asili au kunywa mbege walishuka. Hakuna aliyeongezewa hatua hata moja.

Bi Muuguzi: Hilo linakubalika, na hata jembe lenyewe halistahili kusifiwa bila mpaka. Utafiti mkubwa wa Copenhagen uliotolewa mwaka 2021, wenye watu zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba wanaojishughulisha sana wakati wa mapumziko hufa kidogo, ilhali wanaotumika sana kazini hufa zaidi. Msuli wa mbeba mizigo na wa mwendesha baiskeli hutoa protini zilezile, lakini mmoja hupata usingizi, chakula na siku ya kupumzika, na mwingine hupata mzigo unaofuata. Kinga ya mwili hujengwa wakati wa kupumzika pia, na mwili usiolishwa hauna cha kujengea seli mpya. Mzee aliyekonda anayelima kwa sababu hakuna mwingine wa kulima hahitaji kuambiwa aongeze dakika 150.

Daktari: Basi swali la kinga uzeeni katika nchi hizi lina wahusika wawili. Wa kwanza ni huyo aliyechoka, anayehitaji chakula na msaada. Wa pili ni bibi huyohuyo miaka mitano baadaye, mwanawe alipomchukua kuja kuishi naye Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, kwa heshima na mapenzi, akaambiwa apumzike sasa. Katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, wazee 10 wenye afya walipunguziwa hatua hadi zisizozidi takriban 1,500 kwa siku kwa muda wa siku 14 tu. Walipoteza karibu asilimia 4 ya nyama ya miguu, na viashiria viwili vya mchochota, TNF-alfa na protini tendaji C (CRP), vikapanda. Hakuna mtu anayezeeka kwa miaka kadhaa ndani ya wiki mbili. Kilichobadilika ni mwendo.

Mtakwimu: Watu kumi! Lakini hapa mwelekeo wa sababu na tokeo uko wazi, kwa kuwa watu walewale walipimwa kabla na baada, na chakula hakikubadilishwa kwa makusudi. Kama hoja inafupishwa kuwa kutulia ghafla huiharibu hali ya mwili ambayo kinga huitegemea, ushahidi wake ni bora kuliko ule wa hoja kwamba mazoezi huirudisha thaimasi ujanani. Hoja hizo mbili huchanganywa mno, na ya pili ndiyo inayouza magazeti.

Katika mjadala mzima, maneno hayo ya Mtakwimu ndiyo yanayoelekea kudumu. Sehemu kubwa ya kinachoitwa uzee wa kinga hupatikana pamoja na kuacha kutembea, na sayansi iliyozaliwa katika nchi za watu wanaokaa imekuwa ikiyapima mambo hayo mawili kama kitu kimoja.

Daktari: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewashauri watu wenye miaka 65 na zaidi wajishughulishe kwa wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya mchanganyiko yanayosisitiza nguvu na mizani ya mwili, ili wasianguke. Kuanguka na kuvunjika nyonga ndiko kunakowalaza wazee kitandani, na kitanda ndicho kinacholeta nimonia.

Mtakwimu: Mwongozo huo usisomwe kuwa ni badala ya chanjo, wala ya kutibu kisukari, ambacho huidhoofisha kinga kwa njia zinazojulikana vizuri zaidi. Na ushahidi ungekuwa bora kama jaribio la nasibu lingefanywa kwa wazee waliohamia mjini, kwa kuhesabu nimonia na kulazwa, na kuacha viashiria vya damu viwe nyongeza.

Bi Muuguzi: Jaribio hilo litachukua miaka, na hao wazee wanakuja kliniki Jumanne ijayo. Wanapimwa presha na sukari, wanapewa dawa, wanarudishwa. Katika fomu hizo iongezwe nafasi ya maswali mawili: mzee ameacha lini kutembea, na kwa sababu gani? Majibu yatakuwa goti, mtoto wa jicho, ngazi zisizo na kishikio, barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, aibu ya kukojoa njiani, au mkwe anayeona vibaya mama kwenda sokoni peke yake. Karibu yote yana ufumbuzi, na mengine ufumbuzi wake hauna dawa ndani yake. Bwana Mtakwimu naye atapata daftari lake la kuhesabia.

Mtakwimu: Mradi tarehe ya kuacha kutembea iandikwe siku ileile ya kuuliza, na asijaziwe mzee na anayemsindikiza.